Maradhi na Kutengwa: Afya ya Mashoga na Wasagaji wa Pwani Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati ilipotutaka sisi wa kamati ndogo ya afya tuseme neno mbele ya mkutano huu, ilituachia tuchague jambo lenyewe. Habari za malaria, za visima vya Ganze na Magarini, na za chakula cha watoto zimekwisha kusemwa katika taarifa za miaka iliyopita, nazo zitasemwa tena. Mara hii tumeona yafaa kunena juu ya watu ambao kila mmoja wetu awajua, wala hakuna awatajaye ila kwa mzaha au kwa matusi. Nao ni mashoga na wasagaji wa pwani hii, pamoja na wale ambao nafsi zao haziafikiani na umbo walilozaliwa nalo. Twajua kuwa wamo humu ambao wangependa jambo hili lipite kimya. Twawaomba watusikilize hata mwisho, kwani hatukuja kubishana na sheikh wala padre juu ya halali na haramu. Hilo lina wenyewe. Tumekuja kutoa habari za wagonjwa.

Kwanza, neno juu ya majina. Shoga, katika maneno ya wanawake wa pwani, ni rafiki wa ndani. Mwanamke humwita mwenziwe hivyo mbele za watu bila ya aibu yo yote, na ni neno lilo hilo tulilompachika mwanamume mwenye mwendo wa kike. Basha na msagaji nayo ni maneno ya kwetu, hayakushuka melini. Bibi Gill Shepherd, mtaalamu wa Kiingereza wa elimu ya jamii na desturi, alipoandika juu ya mambo haya mwaka 1987, alikuwa akiandika habari za Mombasa. Wale wasemao kuwa watu hawa walizuka juzi kwa ajili ya watalii na televisheni, afadhali wangewauliza bibi zao.

Na hapa pana jambo la ajabu katika mwenendo wetu. Harusini shoga huitwa. Ndiye apambaye chumba, ndiye ajuaye kumremba bibi harusi na kuutia mashada ya asumini, ndiye aongozaye nyimbo, na mama mwenye shughuli akimkosa hufadhaika. Lakini homa ikimshika yeye, mama yule yule hapeleki hata kikombe cha uji. Si kwa ubaya wa moyo. Aogopa jirani watasema nini wakimwona aingia mlango ule. Basi mtu huyo ana mahali katika furaha zetu, na katika ugonjwa hana. Ye yote atakaye kujua kwa nini maradhi yamewaelemea watu hawa kuliko wengine na aanzie hapo.

Shirika la Afya Duniani, tangu katiba yake ilipoanza kutumika mwaka 1948, limeshikilia kuwa afya si kukosa maradhi tu, bali ni pamoja na utulivu wa akili na kuishi vema kati ya wenzio. Mwaka 2008 tume ya shirika hilo, chini ya Sir Michael Marmot, ilieleza kwa urefu jinsi nyumba, kazi, mapato na heshima zinavyoamua nani aishi sana na nani afe mapema. Watu wa Kilifi hatukuhitaji tume kwa hilo. Twajua ya kwamba malaria haimpati maskini kwa ubaya wa damu yake. Yampata kwa sababu halali chandaruani na zahanati iko mbali. Na ushoga wenyewe shirika hilo liliuondoa katika orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Kwa hiyo kinachopasa kutafutwa si ugonjwa uliomo ndani ya watu hawa, bali ni mambo yawazungukayo.

Tusiseme kwa kukisia. Taasisi ya utafiti wa tiba iitwayo KEMRI, ambayo kituo chake cha Kilifi kilianza mwaka 1989, ilianza mwaka 2005 kuwapima na kuwafuatia wanaume walalao na wanaume katika sehemu za Mombasa na Mtwapa. Habari zilizochapwa mwaka 2007 zilikuwa za wanaume 285. Kati yao 114 walilala na wanaume tu, na 49 katika hao walikuwa na virusi vya UKIMWI. Yaani watu 43 katika kila 100. Waliosalia 171 walikuwa na wanawake vile vile, na 21 kati yao walikuwa wameambukizwa, yaani 12 katika 100. Wakati huo, katika watu wazima wa Kenya nzima, walioambukizwa hawakufika 8 katika 100. Kisha watu 449 ambao hawakuwa na virusi walifuatiwa kati ya mwaka 2005 na 2011, na katika wale waliolala na wanaume tu, kwa kila 100 wakifuatiwa mwaka mmoja, walioambukizwa walikuwa kama 35.

Tafadhali itazameni ile hesabu ya 171. Hao wana wake, au wana wachumba, na baadhi ya wake hao ni binti zetu. Asemaye kwamba jambo hili ni la watu wachache waliojitenga, na wajitibu wenyewe, hakufikiri vema.

Sasa, njia ya hospitali ikoje kwa mtu wa namna hii? Tuchukue kijana mwenye kidonda mahali asipoweza kupaonyesha. Afika zahanati asubuhi, akuta benchi limejaa majirani. Karani amwuliza shida yake kwa sauti ya mnadani. Akithubutu kusema ni ugonjwa wa zinaa, aambiwa akamlete mkewe ili watibiwe pamoja. Na desturi hiyo ya kuwatibu wawili ni njema, ila yeye hana mke wa kumleta, na yule aliye naye hawezi kumtaja. Hutunga uongo. Mwuguzi humpa dawa ya uongo ule. Au mwuguzi hugundua, akatoka akawaita wenzake waje watazame, na pengine mmoja wao akafungua Biblia au akaanza kumpa mawaidha, na kidonda kimeachwa vivyo hivyo. Kijana hurudi nyumbani na haji tena. Mara ya pili hupita dukani akanunua vidonge vitatu vinne vya kuulia vijidudu, kadiri ya shilingi zilizomo mfukoni, na ugonjwa hujificha bila ya kupona. Hakuna katika mambo haya hata moja lililotoka katika mwili wake. Benchi, karani, mlango usiofungika, na ulimi wa mwuguzi, hivyo vyote ni vyetu.

Wala wauguzi hawafai kulaumiwa kupita kiasi, kwa kuwa chuoni hawakufundishwa. Watafiti wa pwani waliwafundisha watumishi wa afya 74 kwa siku mbili, wakatangaza matokeo mwaka 2013. Kabla ya mafunzo, waliokuwa na maarifa ya kutosha juu ya wagonjwa hawa walikuwa 13 katika kila 100; baada ya miezi mitatu walikuwa 49. Siku mbili tu, wala hazikuwafikisha wote. Lakini hatujui mradi mwingine wa afya katika wilaya hizi uliopata faida kubwa hivyo kwa muda mfupi hivyo.

Lililotendeka Mtwapa lataka kukumbukwa kwa tarehe zake. Mwezi wa Februari 2010 ulienea uvumi wa kuwa wanaume wawili wataoana mjini hapo. Tarehe 11 viongozi wa dini, wa Kiislamu na wa Kikristo, walitoa tangazo la kutaka kituo cha KEMRI kifungwe, na kesho yake kundi la watu kati ya 200 na 300 likakizunguka kituo hicho kwa fimbo na mawe. Polisi waliwachukua vijana kadhaa, na baadaye wakawaachilia bila ya mashtaka. Harusi yenyewe ilikuwa ni maneno ya watu. Kituo kile kilikuwa ni mahali pa kupimia na kutoa dawa, na miongoni mwa waliotibiwa humo walikuwamo wasiohusika kabisa na habari ile. Mgonjwa aliyeona mawe yale hakuhitaji kuambiwa mara ya pili asirudi. Twaongeza, kwa haki ya masheikh na wachungaji, kwamba miaka iliyofuata wengi wao waliitikia wito wa kukaa na watafiti na wagonjwa wakasikilizana, na wako waliotoka humo wakihubiri kuwa kumpiga mtu si ibada.

Juu ya yote hayo iko sheria. Vifungu 162 na 165 vya Sheria ya Adhabu vyamwekea mtu kifungo cha miaka 14 na cha miaka 5. Shina lake ni Sheria ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo Waingereza waliitia nguvu huku mwaka 1897, kisha ikaandikwa upya mwaka 1930. India yenyewe iliiondolea nguvu sehemu hiyo kwa watu wazima waliokubaliana, kwa hukumu ya tarehe 6 Septemba 2018. Mahakama Kuu yetu ya Nairobi, tarehe 24 Mei 2019, ilikataa kufanya hivyo. Hatusemi mahakama ilifanya vema au vibaya. Twasema tu ya kuwa sheria ikiwapo, kila mwenye kinyongo huwa na silaha: mwenye nyumba, askari, hata mpenzi wa zamani, aweza kudai fedha kwa kutishia kumshitaki mtu. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, wakapelekwa hospitalini wapimwe sehemu zao za siri pasipo ridhaa ya kweli, ili upatikane ushahidi. Mahakama ya Rufaa iliyokaa Mombasa ilitamka tarehe 22 Machi 2018 kuwa jambo hilo lavunja katiba, na mwaka uliotangulia chama cha madaktari wa Kenya kilikuwa kimekwisha kulilaani. Lakini fikirini: mtu akisikia kuwa daktari aweza kuwa mkono wa polisi, atamwendea kwa moyo gani?

Wako watakaouliza kama kweli sheria yaweza kumwuguza mtu. Jibu lilipatikana Marekani. Watu wale wale waliulizwa habari za akili zao mara mbili, kabla na baada ya majimbo kadhaa kupitisha, mwaka 2004 na 2005, marufuku ya ndoa za jinsia moja. Katika majimbo yale, ugonjwa wa huzuni na mfano wake uliongezeka kwa zaidi ya theluthi miongoni mwa mashoga na wasagaji, na ulevi ukazidi kadhalika. Penginepo, ambapo hapakuwa na marufuku, hali haikuwa hivyo. Hakuna aliyepigwa wala kufungwa kwa marufuku zile. Yalikuwa ni maneno ya kura na ya redioni, yakaingia mwilini.

Huku kwetu, wanaume 112 wa pwani walichunguzwa katika kazi iliyochapwa mwaka 2015. Kiasi cha theluthi moja walikuwa na dalili za ugonjwa huo wa huzuni, ambao siku hizi waitwa sonona, na karibu nusu walitumia pombe kwa namna ya kudhuru. Wanywao watu hawa twawaona na kuwacheka, tukidhani ulevi ni sehemu ya tabia yao. Mtu aliyefukuzwa na babake akiwa na miaka kumi na saba, akalala kwenye baraza za watu, akajifunza kuingia nyumbani usiku na kutoka kabla ya alfajiri, ana sababu nyingine za kunywa. Na mwenye sonona husahau vidonge, au huvitupa asije akaonekana navyo na wale wanaoishi naye chumba kimoja. Kwa sababu hiyo watafiti wa Kilifi walijaribu utaratibu walioupa jina la Shikamana, wa kumpa mgonjwa mshauri pamoja na mwenzake wa kumsindikiza katika kutumia dawa. Neno lile ni zuri, nalo si geni kwa chama kama hiki.

Fedha nazo zina sehemu yake. Kijana asiye na kwao hupanga chumba Mtwapa au Malindi mjini, akaishi kwa vibarua vya hoteli, na msimu wa watalii ukiisha hana kitu. Wengine hapo ndipo wanapouza miili. Hesabu iliyofanywa Mombasa na kutolewa mwaka 2007 iliwapata wanaume wasiopungua 739 wenye kazi hiyo. Tangu Oktoba 2024 matibabu yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa ada ya mwaka kwa mkupuo, isiyopungua shilingi 3,600. Kwa familia iliyo pamoja, fedha hizo huchangwa. Aliyefukuzwa hana wa kuchanga naye.

Juu ya wanawake tumesema machache, kwa kuwa utafiti umewapita. Msagaji hafi kwa UKIMWI kwa wingi huo, huozwa. Hupewa mume asiyemtaka ili apone, na yampatayo chumbani hayaandikwi katika kitabu cha hospitali. Na yule aliyezaliwa mvulana akaishi kama mwanamke hukwama kwenye dirisha la kwanza kabisa, maana kitambulisho chasema hivi na sura yasema vile, na karani humtaka aeleze mbele ya foleni.

Malindi imekwisha kulijua somo hili kwa mlango mwingine. Unga ulipoingia mji ule, mateja walikuwa wakipigwa mitaani na kufungiwa milango, na familia ziliwaficha. Mwaka 1995 ulianza Mradi wa Omari wa kuwatibu, na mwaka 2015 hospitali ya Malindi ikaanza kutoa dawa ya methadoni. Hapana aliyesema kuwa kuwatibu mateja ni kuusifu unga. Mji uliona kuwa mtu aliyefungiwa mlango hufia uani, na akifia uani maradhi yake hubaki nyumbani.

Kwa nini twasema haya mwaka huu? Kwa sababu vyumba vya pekee walimotibiwa vimepungua. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ruhusa ya kuendelea iliyotolewa mwezi uliofuata iliwabakizia vidonge vya kuzuia maambukizi wajawazito na wanyonyeshao peke yao. Vituo vingi vilivyowahudumia mashoga na makahaba katika Kenya vilifungwa, na serikali yetu ikaagiza matibabu ya UKIMWI yaunganishwe na huduma nyingine za hospitali. Basi yule kijana wa kidonda, aliyekuwa akienda kwenye nyumba isiyo na kibao ambako hakuna amwulizaye mkewe, sasa anaambiwa aende zahanati ile ile, kwa karani yule yule. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa haki ya afya kama raia mwingine. Katiba haikai dirishani.

Wanachama wawili wa chama hiki wamo katika kamati ya zahanati. Twaomba mkutano huu uwaagize wadai mambo yaliyo mepesi: dirisha la kuandikishia lisogezwe mbali na benchi, mgonjwa aandike shida yake katika kikaratasi badala ya kuitamka, chumba cha mwuguzi kitiwe mlango wenye kitasa, na mwuguzi mmoja apelekwe mafunzoni. Kitasa na seremala havizidi gharama ya karamu yetu ya mwaka jana.

Juu ya mfuko wetu wa ugonjwa na mazishi, sheria za chama zasema kuwa mwanachama au mwana wa mwanachama atasaidiwa. Hazisemi mwana wa namna gani. Imewahi kutokea kwamba fedha zilicheleweshwa na maneno yakapita kamatini juu ya mwenendo wa marehemu, maiti ikingoja. Dini zetu zote mbili zimetuwajibisha kumzuru mgonjwa, kumwosha maiti na kumsitiri, wala hatukuona mahali paliposema tuulize kwanza. Twaomba iandikwe katika kumbukumbu za leo kuwa swali hilo halitaulizwa tena mezani pa chama.

La tatu ni mkopo mdogo wa ada ya afya ya mwaka, utakaorudishwa kwa miezi kumi, kwa kijana ye yote aliyedhaminiwa na wanachama wawili; nao wanachama hao hawatalazimika kueleza kwa nini kijana huyo haishi kwa babake. Mhazini ameupigia hesabu kwa vijana ishirini, naye ataisoma hesabu hiyo baada ya adhuhuri, kabla ya kura.